Maji ya chini: namna ya kupima mkondo, kuanzia mikoko ya Kunduchi hadi Drake

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu ndiye aliyeniingiza katika mambo haya. Nilikuwa nimechora Antaktika ubaoni na mshale mrefu unaoizunguka kutoka magharibi kwenda mashariki, nikasema yale ninayosema kila mwaka: huu ndio mkondo mkubwa kuliko yote duniani, hauzuiwi na nchi kavu popote, na maji yake yanazidi mito yote ya dunia ukiijumlisha. Mkono ukanyooshwa kutoka nyuma. "Madam, nani alipima? Alishika nini mkononi?" Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Nimefundisha jiografia miaka 19 na swali hilo sikuwahi kujiuliza.

Jumamosi nikaenda Kunduchi kwa mjomba. Mjomba anavua kwa mshipi tangu mimi sijazaliwa, na habari za maji humwambii kitu. Nilipokwisha kumwamkia na kujibu hali za watoto, mmoja mmoja kwa jina, nikamweleza swali la kijana. Akaendelea kukwangua ngalawa yake. "Maji ya juu kila mtu anayaona, mwanangu," akasema. "Atakayeniambia ya chini yanakwendaje, huyo ndiye kapima."

Nikayachukulia kama maneno ya wazee. Baadaye sana ndipo nilipokuja kuona kwamba wataalamu wa bahari wamebishana miongo kadhaa juu ya jambo hilo hilo.

Nitaeleza kwanza namna ya kupima mkondo wa kwenye mikoko, ambao unaweza kuupima Jumamosi hii kwa nauli ya daladala na kamba. Halafu nitapanda hadi ule wa Antaktika. Huo hutaupima mwenyewe, ila ukishalowa kwenye ule wa kwanza, kila hatua ya ule wa pili utaiona kama ndugu yake.

Hesabu yenyewe

Ni fupi: eneo la mlango ambamo maji yanapita, mara kasi ya maji. Mlango ukiwa na mita za mraba 10, na maji yakienda nusu mita kwa sekunde, basi kila sekunde zinapita mita za ujazo 5. Hizo ni sawa na matenki matano ya lita 1,000, yale meusi yanayokaa juu ya minara ya nyumba zetu. Namba ni mbili tu za kutafuta. Eneo linahitaji subira. Kasi ndiyo itakayokutoa jasho.

Siku na mahali

Pima wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yakiwa yanakupwa, kama saa tatu hivi baada ya kujaa kabisa. Hapo mkondo una nguvu na unaonekana. Siku za maji mafu mkondo ni wa uvivu na kila kosa dogo litaonekana kubwa. Siku hasa muulize mvuvi yeyote, atakujibu bila kuangalia kalenda.

Tafuta sehemu iliyonyooka ya mkono wa bahari unaoingia kwenye mikoko, isiyo na kona wala matawi. Hili la matawi usilipuuze. Maji yakiwa na njia ya pili ya kutorokea nyuma ya mikoko, utapima nusu na kudhani umepima yote. Mara ya kwanza tulifanya kosa hilo hilo. Mjomba alituacha tupime mpaka mwisho, ndipo akatuonyesha njia ya pili kwa kidole cha mguu.

Vaa yeboyebo au viatu vingine vinavyobana mguu. Mimi nilikwenda na kandambili, moja ikabaki kwenye tope, na chaza walioshika mizizi ya mikoko wakanichana kisigino. Kama mvua imenyesha juzi, ahirisha: maji yanayoshuka kutoka mitaani hayafai kuchezewa. Usiingie peke yako. Wanafunzi watatu niliokwenda nao walibaki ukingoni kwa ruhusa ya wazazi wao, na aliyeingia kwenye maji marefu ni mjomba na mtumbwi wake.

Eneo

Funga kamba ya nailoni kutoka ukingo hadi ukingo, iwe imekazwa. Kabla ya kuifunga, weka kitambaa chekundu kila baada ya mita 3. Mtumbwi ukipita chini ya kamba, simama kwenye kila kitambaa na teremsha chubwi, kile kizito cha mshipi, mpaka ikae chini. Bana mshipi kwa vidole usawa wa maji, uinue, upime kwa futi ya fundi. Wazee walihesabu kwa pima, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, na mjomba bado anahesabu hivyo. Lakini daftarini andika mita, au utapata shida mbele.

Mkono wetu ulikuwa na upana wa mita 24. Vina vilikuwa, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine: 0, 0.4, 0.9, 1.3, 1.5, 1.2, 0.8, 0.3, 0. Jumlisha, unapata 6.4. Zidisha kwa 3, nafasi kati ya kitambaa na kitambaa, unapata mita za mraba 19.2. Huo ndio mlango wetu.

Fanya haraka. Wakati wa bamvua Dar es Salaam maji hushuka zaidi ya nusu mita kwa saa, kwa hiyo ukianza kupima kina saa nne na kumaliza saa tano, vina vya mwanzo vimekwisha kuwa uongo. Chomeka mti wenye alama ukingoni, na kila unapoandika kina, andika na maji yako kwenye alama gani. Tumia penseli. Daftari langu la kwanza niliandika kwa kalamu ya wino, na ukurasa wa vina sasa ni picha nzuri ya mawingu.

Kasi, jaribio la kwanza

Pima mita 20 kando ya maji, weka mtu kila mwisho. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ijaze robo tatu, ifunge. Ikiwa tupu upepo ndio utakaoisukuma na utakuwa umepima kusi au kaskazi badala ya mkondo. Chungwa zima ni zuri zaidi kwa sababu huzama karibu lote, ila langu liliishia tumboni mwa kijana mmoja kabla ya saa tano. Iachie chupa hatua kadhaa kabla ya mstari wa kuanzia ili ishike mwendo wa maji, na uhesabu sekunde kwa simu.

Tulipata sekunde 38, 42 na 40. Wastani 40, yaani nusu mita kwa sekunde. Nusu mara 19.2 ni 9.6. Wanafunzi wakapiga makofi: matenki tisa na nusu kila sekunde.

Mjomba akiwa kwenye mtumbwi akateremsha mshipi wenye chubwi ndogo, akautuliza, akaniita nitazame. Mtumbwi ulikuwa umeshikwa kwenye kamba. Mshipi ulianza kwa kulala kufuata maji, halafu kadiri ulivyoshuka ukasimama wima. Juu maji yalikuwa yanauvuta, chini yalikuwa yanaugusa tu.

Kasi, jaribio la pili

Kwa hiyo kata vipande viwili vya gunia, vifunge kwenye vijiti viwili vilivyopishana kama msalaba, tia jiwe dogo chini. Hilo ni tanga la majini. Lifunge kwa uzi wa mita 1 kwenye kiboya kidogo, kama kipande cha kandambili iliyokatika (yangu iliyobaki ilipata kazi). Kiboya kinaelea juu ukione, lakini anayekivuta ni tanga lililo chini. Liachie katikati, penye kina cha kutosha lisiburuze.

Sekunde 62 kwa mita zile zile 20. Yaani mita 0.32 kwa sekunde. Wastani wa juu na chini ni kama 0.41, na matenki yetu yakashuka kutoka 9.6 hadi 7.9. Wapimaji wa mito wana mkato wa njia: huzidisha kasi ya juu kwa 0.85 hivi. Kwetu ingetoa 8.2, na hiyo si mbaya. Ila mkato huo umetokana na mito ambayo chini imekwaruzwa na mawe na mchanga. Usiubebe kwenda nao baharini. Utaona ni kwa nini.

Kuna jambo moja zaidi, na linachosha. Kipimo cha mara moja ni kama picha ya pasipoti. Mzunguko mzima wa kujaa na kupwa huchukua saa 12 na dakika 25, kwa hiyo ukitaka kujua mkono ule unapitisha maji kiasi gani kweli, pima kila nusu saa kwa muda wote huo. Tulifanya hivyo mara moja, alfajiri hadi jioni, kwa zamu na kwa mihogo ya kukaanga. Jibu lilikuwa karibu na sifuri: yaliyoingia yalitoka. Vijana walikasirika. Mimi nililala vizuri usiku ule.

Sasa panda hadi Drake

Mkondo wa Kuzunguka Antaktika unaweza kupimwa popote kwenye duara lake, lakini kumbuka habari ya matawi. Unatafuta mahali ambapo maji hayana njia nyingine, na mahali penyewe ni Mlango-bahari wa Drake, kati ya Cape Horn, ncha ya Amerika Kusini, na visiwa vya Antaktika. Mkondo wote hujibana pale. Upana ni kama kilomita 800, pungufu kidogo ya Dar es Salaam hadi Mwanza kwa mstari wa ndege. Kina cha kawaida ni kilomita tatu na nusu hadi nne: ukiutumbukiza Mlima Meru humo, kitabaki kichwa tu.

Chubwi hapo haifai. Meli hutuma mlio chini na kusubiri mwangwi. Sauti majini huenda kama mita 1,500 kwa sekunde, hivyo kwenye kina cha mita 4,000 mlio unarudi baada ya sekunde tano na kidogo. Chukua wastani wa mita 3,500, zidisha kwa mita 800,000: mlango una mita za mraba bilioni 2.8. Usiitupe namba hiyo, tutairudia.

Maji ya huko hayahesabiwi kwa matenki mamoja mamoja. Kipimo chake ni Sverdrup, jina la Harald Sverdrup, mtaalamu wa bahari kutoka Norwei. Sverdrup moja ni mita za ujazo milioni 1 kwa sekunde, matenki milioni kwa kila tiki ya saa. Mito yote ya dunia kwa pamoja hutoa kama Sverdrup 1.2.

Kasi bila chupa

Huwezi kukaa ukingoni Drake na saa ya simu. Na huhitaji, kwa sababu dunia inayozunguka imekufanyia kazi nusu.

Katika nusu ya kusini ya dunia, kitu kinachotembea mbali husukumwa kushoto kwake na mzunguko wa dunia. Hiyo ndiyo nguvu ya Coriolis. Mkondo wa Antaktika unakwenda mashariki, kushoto kwake ni kaskazini. Maji basi yanaegemea kaskazini, na uso wa bahari upande wa Amerika Kusini unakuwa juu kuliko upande wa Antaktika kwa kitu kama mita moja na nusu. Maji yaliyoinuka yanataka kurudi kusini, Coriolis inayazuia, na pande hizo mbili zinavutana hadi zinalingana. Kwa hiyo ukijua mteremko, unajua kasi. Kwenye mikoko hili hulioni, kwa sababu mlango ni mwembamba mno, na pia kwa sababu hapa karibu na ikweta nguvu hiyo ni kama moja ya saba ya ile ya Drake.

Fanya mwenyewe kwenye karatasi. Gawa 1.5 kwa 800,000, huo ndio mteremko. Zidisha kwa 9.8, nguvu ya mvutano. Gawa kwa 0.000124, namba ya mzunguko wa dunia kwa nyuzi 58 kusini. Unapata karibu 0.15: sentimita 15 kwa sekunde, wastani wa maji ya juu mlango mzima. Tangu setilaiti ya TOPEX/Poseidon iliporushwa mwaka 1992, urefu wa uso wa bahari unapimwa kutoka angani, hivyo mteremko wa juu si siri tena.

Sasa fanya kosa letu la makofi. Zidisha 0.15 kwa zile bilioni 2.8. Unapata Sverdrup 420. Kipimo bora kilichopo ni 173. Kwenye mikoko chupa ilituzidishia kwa sehemu ya tano. Drake, chupa ya setilaiti inazidisha zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana nikasema ule mkato wa 0.85 uuache huku.

Kushuka tabaka kwa tabaka

Kwa nini kasi inapungua ukishuka? Upande wa kaskazini maji yana joto zaidi na ni mepesi. Kusini ni ya baridi na mazito. Juu, kaskazini inashinda kwa kuwa imeinuka. Lakini kila mita unayoshuka, safu ya kusini inajiongezea uzito kuliko ya kaskazini, na ushindi ule unaliwa kidogo kidogo. Msukumo unapungua, na kasi inapungua nao.

Kwa hiyo meli husimama, na kushusha kwa waya fremu kubwa yenye vifaa vya kupima joto, chumvi na kina, imezungukwa na chupa za kuchotea maji, mara nyingi 24. Hushuka kama mita moja kwa sekunde. Kwenye kina cha mita 4,000 hiyo ni zaidi ya saa moja kwenda chini, na kurudi ni hivyo hivyo au zaidi, maana njiani inasimama kuchota. Kisha meli inasogea na kurudia. Waingereza wana mstari wao kutoka kusini mwa Falkland hadi kisiwa cha Elephant, wameupima karibu kila mwaka tangu 1993, vituo kama 30 kwa safari moja. Fikiria vitambaa vyetu vyekundu kwenye kamba, ila kila kitambaa kinakula saa kadhaa, usiku na mchana, kwenye bahari ambayo mabaharia huitaja kwa kunong'ona.

Vituo haviwekwi kwa nafasi sawa tu bila kufikiri. Mkondo ule haukuenea kama shuka. Sehemu kubwa ya maji hupita kwenye mistari mitatu ya kasi, penye mabadiliko ya ghafla ya joto na chumvi, na kati yake kuna maji yanayojizungusha na hata kurudi nyuma. Ukiruka mstari mmoja, umeruka mkondo.

Ukishapata joto na chumvi za vituo viwili jirani, unajua uzito wa kila tabaka, na kutokana na tofauti ya uzito unajua kila tabaka limelizidi la chini yake kwa kasi kiasi gani. Limelizidi, basi. Na hapa ndipo mjomba anaporudi.

Fikiria nyumba yenye watoto wanane. Mama amekuambia kila mtoto amemzidi anayemfuata miaka mingapi. Unajua kila pengo. Lakini kama hakukuambia umri wa kitindamimba, hujui umri wa hata mmoja. Vipimo vya joto na chumvi vinakupa mapengo. Kitindamimba ni maji ya chini kabisa, na umri wake havikupi.

Umri wa kitindamimba

Kwa muda mrefu wataalamu walifanya kama wanavyofanya waandikishaji wenye haraka: waliandika sifuri. Walidhani chini kabisa maji yamesimama, wakajumlisha kwenda juu. Wengine wakateremsha vifaa vichache vya kupima kasi kwa siku chache na kutumia hivyo. Majibu ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 yalitofautiana vibaya: wapo waliopata zaidi ya Sverdrup 200 kwenda mashariki, na wapo ambao hesabu yao iliurudisha mkondo wote magharibi.

Usiwacheke. Chukua ile namba ya bilioni 2.8 na uizidishe kwa sentimita 1 kwa sekunde. Ni Sverdrup 28. Ukikosea umri wa kitindamimba kwa sentimita moja tu kwa sekunde, mlango mzima, umekosea zaidi ya mara 20 ya mito yote ya dunia. Na kujaa na kupwa kuko huko pia, kunasukuma maji huku na huku kila siku. Kipimo cha siku tatu kwenye maji ya namna hiyo ni chupa yetu ya kwanza.

Dawa ni kukaa. Mwaka 1979 Wamarekani na wenzao walitandaza nyaya zenye nanga na vifaa vya kasi mlangoni pale kwa mwaka mzima, pamoja na vipima-msukumo vya maji pande zote mbili, ili kuuona mteremko ukibadilika siku hadi siku. Kutokana na kazi hiyo Thomas Whitworth na Ray Peterson walitoa mwaka 1985 namba ambayo ilikaa vitabuni miaka 30: karibu Sverdrup 134.

Halafu wakaja watu walioamua kumfuata kitindamimba nyumbani kwake. Mradi wa cDrake, kuanzia 2007 hadi 2011, uliweka vifaa sakafuni mwa bahari kukatiza mlango. Kila kifaa kilifanya kazi tatu. Kilituma mlio kwenda juu na kuhesabu muda wa kurudi. Sauti huenda haraka zaidi kwenye maji ya joto, kwa hiyo muda ule hueleza joto la safu nzima juu yake, bila meli kurudi na fremu yake. Kilipima msukumo wa maji sakafuni. Na kwa waya wa mita 50 kutoka chini, kilipima kasi ya maji yenyewe. Miaka minne, bila kulala.

Mwaka 2016 Kathleen Donohue na wenzake wakatoa jibu: Sverdrup 173.3. Katika hizo, 127.7 ni za mapengo, zile unazopata ukimwandikia kitindamimba sifuri. Zilizobaki, 45.6, ni za mwendo wa chini. Gawa 45.6 kwa mlango wetu wa karatasi na utapata sentimita moja na nusu hivi kwa sekunde. Weka kucha ya kidole gumba mezani: upana wake, kila sekunde, kwenye giza, chini ya kilomita tatu za maji. Mwendo huo peke yake ni zaidi ya robo ya mkondo mkubwa kuliko yote duniani.

Nilimsomea mjomba namba hizo. Akauliza vifaa vilirudishwaje kutoka chini. Nikamweleza kwamba meli hutuma mlio wa amri, kifaa kikaachia uzito wake na kupanda chenyewe. Hilo lilimfurahisha kuliko Sverdrup zote. Ana dema mbili, mitego ya samaki ya kuzamisha, amezipoteza mwaka huu.

Kuandika jibu

Usiandike namba moja ikiwa uchi. Kwenye mikoko rudia kila kipimo mara tatu au zaidi, angalia majibu yanatawanyika kiasi gani, na uandike mtawanyiko huo pembeni. Chupa yetu ilitofautiana sekunde 4 katika 40, sehemu moja ya kumi. Kina nacho kilikuwa na kosa lake, hasa penye tope laini ambapo chubwi huzama kidogo. Kwa hiyo 7.9 yetu tuliiandika 7.9, na pembeni tukaweka: jumlisha au toa 1. Andika pia siku, saa, hali ya mwezi, upepo, na ulifanya nini na kamba, ili mwingine aweze kurudia na kukusuta.

Wale wa cDrake nao waliandika hivyo: 173.3, jumlisha au toa 10.7.

Jumatatu nilirudi darasani, nikachora Antaktika na mshale, na safari hii nikaandika namba hiyo juu yake pamoja na mkia wake. Nikaeleza kilichoshikwa mkononi. Kijana wa nyuma alisikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mkono.

"Madam, hiyo 10.7 wasiyo na uhakika nayo. Ni mito mingapi?"

Tukagawa kwa 1.2 ubaoni. Ikatoka karibu 9.

"Mito tisa," akasema, akiandika.

"Hapana," nikamwambia. "Mito yote ya dunia. Mara tisa."